Programu inakubali kwako, kwa mwenzako inagoma: Fahamu mfumo wa kujenga programu zenye maktaba za nje

Chukua mfano huu. Mwanafunzi wa chuo amemaliza mradi wake wa mwisho, programu ndogo ya lugha ya C inayovuta bei za bidhaa kutoka intaneti na kuzionyesha kwenye skrini. Kwenye kompyuta yake inafanya kazi vizuri kabisa. Siku ya kuwasilisha, msimamizi anaijaribu kwenye kompyuta ya maabara na kinachotoka ni hiki:

`fatal error: curl/curl.h: No such file or directory`

Msimbo hauna kosa. Kinachokosekana ni faili ambalo mwanafunzi analo kwake kwa sababu miezi kadhaa iliyopita alisakinisha kitu, kikakubali, akasahau. Ujuzi wa nini kinahitajika ulibaki kwenye kompyuta moja, haukuandikwa popote.

Kazi ya mfumo wa kujenga programu ni kuuandika ujuzi huo kwenye faili, ili kompyuta yoyote ile iweze kurudia kazi bila kumtafuta mwenye mradi kwa simu.

Maktaba ya nje ni nini?

Ni msimbo ulioandikwa na watu wengine ambao programu yako inauazima. Hakuna anayeanza upya kuandika namna ya kuwasiliana na tovuti wakati ipo libcurl, maktaba inayoongozwa na Daniel Stenberg wa Sweden. Anayetaka kutunza data naye hutumia SQLite, kazi ya Mmarekani D. Richard Hipp iliyotoka mwaka 2000.

SQLite unayo mfukoni sasa hivi. Imo ndani ya simu za Android na iPhone, na meseji zako za WhatsApp zinahifadhiwa ndani yake.

Inaitwa ya nje kwa sababu haimo kwenye folda ya mradi wako. Iko sehemu nyingine ya kompyuta, au haipo kabisa. Shida zote zinaanzia hapo.

Hatua tatu, makosa matatu tofauti

Wengi wanaoanza huona kila ujumbe wa kosa ni uleule, wanabandika suluhisho la kwanza waliloliona mtandaoni na hali inazidi kuwa mbaya. Ukweli ni kwamba maktaba inatafutwa mara tatu, kwa nyakati tofauti, na kila mara kinachotafutwa ni kitu kingine.

Fikiria kwa mama lishe. Nje kuna ubao: wali maharage, ugali samaki, bei zake. Ubao haushibishi mtu, unakuambia tu kipo nini na uagize vipi. Chakula kiko jikoni.

Hatua ya kwanza ni kusoma ubao. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inasoma mafaili ya heda, yale yanayoishia na `.h`. Humo kuna majina ya kazi ambazo maktaba inazifanya na namna ya kuziita, basi. Ikikosa heda inatoa kosa lile la msimamizi pale juu.

Hapa kuna mtego unaowakamata wengi kwenye Ubuntu na Debian. Mtu anaangalia, anaona libcurl ipo, anashangaa. Ipo kweli, lakini ni ile ya kuendeshea programu. Heda huja kwenye kifurushi cha peke yake ambacho jina lake linaishia na `-dev`:

`sudo apt install libcurl4-openssl-dev`

Kwenye Fedora mwisho wa jina ni `-devel`. Ukikutana na kosa la faili la `.h` kutoonekana, anza kwa kutafuta kifurushi cha namna hiyo kabla ya kugusa msimbo.

Hatua ya pili ni kuingia jikoni. Baada ya msimbo kugeuzwa, vipande vinaunganishwa na maktaba yenyewe. Kama hukusema jikoni ni wapi, unapata hili:

`undefined reference to 'curl_easy_init'`

Maana yake ubao ulisomwa vizuri, oda imeandikwa, ila hakuna jiko la kuipeleka. Kuongeza heda hapa hakusaidii chochote. Unatakiwa kuitaja maktaba kwa `-lcurl`, na mahali unapoitaja kwenye mstari pana maana:

`gcc main.c -o bei -lcurl`

Ukiandika `gcc -lcurl main.c -o bei` kwenye Ubuntu, kosa linabaki palepale. Maktaba imetajwa kabla hakijajulikana kinachohitajika kutoka kwake, kwa hiyo inarukwa. Herufi ni zilezile, mpangilio tu, na watu wamekesha kwa ajili yake.

Hatua ya tatu inakuja baadaye, pengine siku nyingine na kompyuta nyingine kabisa. Programu imeshajengwa, unaibeba kwenye flashi, unaiendesha:

`error while loading shared libraries: libcurl.so.4: cannot open shared object file`

Maktaba nyingi za Linux, zile za `.so`, hazinakiliwi ndani ya programu. Hukaa nje na kutumiwa na programu nyingi kwa pamoja, na hutafutwa upya kila programu inapowashwa. Kwa hiyo mpokeaji naye lazima awe na libcurl. Yeye hahitaji ile ya `-dev`, kwa sababu hajengi kitu.

Amri ya `ldd ./bei` inaorodhesha maktaba zote ambazo programu inazitegemea, na isiyopatikana inaandikiwa `not found`. Kama maktaba uliijenga mwenyewe ikaingia `/usr/local/lib` na bado haionekani, jaribu `sudo ldconfig`, ambayo inasasisha orodha ya maktaba zinazojulikana. Kwa wa Windows ni faili la DLL, na njia rahisi ni kuliweka folda moja na `.exe`.

Ukishajua kosa lako ni la hatua ipi, kazi imepungua sana.

Make na ile tabu iliyobaki hadi leo

Amri moja ya `gcc` inatosha kwa faili moja. Mradi ukifika mafaili 30 na maktaba nne, hakuna anayeweza kuikumbuka.

Mwaka 1976 Stuart Feldman, aliyekuwa Bell Labs nchini Marekani, aliandika Make. Unaiandikia kwenye faili kipi kinategemea kipi, nayo inajenga tu kilichobadilika. Ukirekebisha faili moja kati ya 30, mengine 29 hayaguswi. Kazi hiyo ilimpatia Feldman tuzo ya ACM ya mifumo ya programu mwaka 2003.

Make ina kituko chake. Mstari wa amri ni lazima uanze na tabu, si nafasi za kawaida, ingawa kwa macho vinafanana. Feldman amewahi kueleza kwamba alipoona tabu ni tatizo tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja hivi, hakutaka kuwavurugia. Dazeni moja. Leo wanaokwama kwenye tabu hiyo hawahesabiki.

Udhaifu wake kwa mada yetu ni huu: Make haitafuti maktaba. Inaamini ulichoandika. Ukiandika njia ya folda ya kompyuta yako, kwa mwenzako njia hiyo haipo.

Ndipo inapoingia pkg-config, programu ndogo ya kuuliza tu. Maktaba inaposakinishwa huacha faili la `.pc` lenye maelezo ya heda ziko wapi na iunganishwe vipi. Wewe unaandika:

`gcc main.c -o bei $(pkg-config --cflags --libs libcurl)`

Jibu linajazwa papo hapo kulingana na kompyuta husika. Kwa mradi mdogo wa Linux, Makefile yenye pkg-config inatosha na hakuna haja ya kwenda mbali zaidi.

CMake: mistari mitano

Mradi ukitakiwa kujengwa Linux, Windows na Mac, wengi huenda CMake. Ilianza mwaka 2000 katika kampuni ya Kitware, kwa ajili ya programu ya picha za kitabibu iliyofadhiliwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Wapo wanaoipenda zaidi Meson ya Jussi Pakkanen wa Finland, kwa kuwa lugha yake ni nyepesi kusoma, na hawajakosea. Ila CMake ndiyo utakayokutana nayo kwenye miradi mingi ya C na C++, kwa hiyo bora kuijua.

Kwenye folda ya mradi tengeneza faili liitwalo `CMakeLists.txt`, herufi kubwa na ndogo zikiwa hivyohivyo, kisha andika:

```
cmake_minimum_required(VERSION 3.16)
project(bei C)
find_package(CURL REQUIRED)
add_executable(bei main.c)
target_link_libraries(bei PRIVATE CURL::libcurl)
```

Mstari wa tatu na wa tano ndiyo moyo wake. `find_package` inaitafuta libcurl popote ilipo. Neno `REQUIRED` linasema: ikikosekana, simama hapahapa. Usiliache. Bila hilo CMake inaweza kuendelea kama vile hakuna kilichotokea, halafu kosa linajitokeza mbele likiwa na sura nyingine.

Mstari wa mwisho unaiunganisha maktaba na programu, na jina `CURL::libcurl` linabeba vyote viwili, heda pamoja na maktaba. Yaani ubao na jiko kwa mara moja. Mafunzo mengi ya zamani mtandaoni yanatumia `include_directories` na `link_directories` pamoja na njia ndefu za folda. Hizo ziache, zinarudisha ugonjwa uleule wa kompyuta moja.

Kisha amri mbili:

```
cmake -B build
cmake --build build
```

Ya kwanza inakagua kompyuta na kupanga kazi. Ya pili inajenga. Kila kitu kinaingia kwenye folda ya `build`, msimbo wako haupati uchafu.

Kwenye kompyuta yenye RAM ndogo usishawishike na amri zinazotumia viini vyote vya prosesa kwa wakati mmoja. Miradi ya C++ hula RAM sana na mashine inaweza kuganda. `cmake --build build -j2` inatosha, utasubiri kidogo.

Folda hiyo ya `build` ina kumbukumbu yake, faili la `CMakeCache.txt`. Humo CMake inaandika maktaba ilizozipata na njia kamili za folda. Ukibadilisha toleo la maktaba inaweza kuendelea kung'ang'ania la zamani. Ukimtumia mwenzako mradi mzima kwenye zip na `build` ikiwemo, kwake itakataa na kusema folda si ile iliyoandikwa mwanzo. Dawa ni moja: futa `build`, anza upya. Na usiipandishe GitHub. Iandike kwenye `.gitignore` tangu siku ya kwanza.

Kama una simu tu

Inawezekana, na si kwa kubahatisha. Termux ni programu ya Android inayokupa terminali na kompaila halisi ndani ya simu, bila ku-root. Watengenezaji wake wanapendekeza uipate F-Droid au GitHub. Chagua chanzo kimoja ubaki nacho, kwa sababu saini za hizo mbili ni tofauti na viongezeo vyake havichanganyiki.

```
pkg install clang cmake make libcurl
```

Ile `CMakeLists.txt` ya mistari mitano inafanya kazi vilevile bila kuguswa, ingawa maktaba za Termux ziko kwenye folda tofauti kabisa na za Ubuntu. Hapo ndipo unaona faida ya kutoandika njia za folda kwa mkono.

Jambo moja linawachanganya wengi: usijengee mradi kwenye hifadhi ya kawaida ya simu, ile ya picha na nyimbo. Android hairuhusu programu kuendeshwa kutoka huko, utapata `Permission denied` hata kila kitu kikiwa sawa. Fanyia kazi kwenye folda ya nyumbani ya Termux.

Na ujumbe wa makosa una maneno mengine, kwa kuwa kompaila ni clang na kiunganishi chake ni lld. Badala ya `undefined reference` utaona `undefined symbol`. Ugonjwa ni uleule wa hatua ya pili.

Maktaba itoke wapi? Angalia bando

Kupitia `apt` au `pkg` ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Maktaba inakuja imeshajengwa, inasasishwa pamoja na mfumo mzima.

Njia ya pili ni `FetchContent` ya CMake, inayopakua msimbo wa maktaba wakati wa kujenga. Ni nzuri kwa timu, ila kila ukifuta `build` inapakua upya, na kwa anayenunua bando la siku hilo si jambo dogo. Ukiitumia, taja toleo kamili kwenye `GIT_TAG`. Ukiandika `main` au `master` unapewa chochote kilichopo siku hiyo, na programu iliyojengeka Jumatatu inaweza kugoma Ijumaa bila wewe kugusa herufi.

Ipo pia vcpkg ya Microsoft, msaada mkubwa hasa kwa wa Windows. Mara nyingi inajenga maktaba kutoka msimbo, kwa hiyo mara ya kwanza andaa chai.

Na kuna njia ya kizamani isiyo na aibu: kuweka maktaba ndani ya mradi. SQLite hutolewa makusudi kama faili moja kubwa, `sqlite3.c`, lenye mistari zaidi ya 200,000, pamoja na heda yake. Unaliongeza kwenye `add_executable`, basi, hakuna cha kutafuta. Gharama yake ni kwamba likitokea toleo lenye marekebisho ya usalama, ni wewe wa kulibadilisha. Hakuna wa kukukumbusha.

Nukta moja kwenye xz

Watu wengi hawasomi mafaili ya kujenga programu. Wanasoma msimbo, mafaili haya wanayapita. Mwaka 2024 kuna aliyeitumia tabia hiyo.

Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye PostgreSQL, alitangaza kuwa amekuta mlango wa siri kwenye xz, maktaba ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Kilichomshtua ni kuingia kwa SSH kuchukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida.

Aliyeuweka alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa kutoa matoleo. Sehemu iliyouwasha mlango haikuwa kwenye msimbo ulioonekana hadharani GitHub. Ilikuwa ndani ya vifurushi vya matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kwenye hati ya kujengea iitwayo `build-to-host.m4`. Maktaba ilipojengwa, hati hiyo ilitoa msimbo uliofichwa kwenye mafaili yaliyojifanya ni ya majaribio na kuuingiza ndani. Tatizo lilipewa namba CVE-2024-3094 na alama 10 kati ya 10 za hatari.

Liligunduliwa kabla matoleo hayo hayajaingia kwenye Debian thabiti na mifumo mingine inayotumiwa na wengi kwenye seva.

Lakini wachunguzi walikuta kingine, kidogo zaidi. Kwenye `CMakeLists.txt` ya xz kulikuwa na jaribio la kuangalia kama kompyuta ina Landlock, kinga ya Linux inayobana programu isifanye zaidi ya inachoruhusiwa. CMake hufanya majaribio hayo kwa kukompaili kipande kifupi cha msimbo: kikikubali, kinga ipo, kikikataa, haipo. Kwenye kipande hicho iliongezwa nukta moja peke yake kwenye mstari.

Nukta hiyo ilifanya kipande kisikubali kwenye kompyuta yoyote. CMake ikawa inajibu kuwa Landlock haipo na kuendelea kujenga bila kinga, bila kutoa kosa lolote, kwa sababu jaribio kushindwa ni jibu la kawaida kabisa.

Ndiyo maana ukipakua mradi wa mtu na kutaka kuujenga, faili la kwanza kufungua ni `CMakeLists.txt` au Makefile, kabla ya `main.c`. Angalia linapakua nini, kutoka wapi, na kama kuna amri inayoendeshwa ambayo huelewi ni ya nini. Kwa mradi wa kawaida ni dakika tano. Na unapoandika la kwako, baada ya `cmake -B build` soma kinachotoka kwenye skrini mstari kwa mstari: mara nyingi maktaba iliyopatikana inatajwa kwa jina, njia na toleo.